Huangfu Mi: Mgonjwa Aliyeandika Kitabu cha Moto

Hapa Garsen na vijiji vyake, moto ni dawa ya tangu zamani. Ukienda kwenye manyata za wafugaji, Waorma na Wardei, utaona alama za moto kwenye miili ya watu wazima: tumboni, mgongoni, kwenye goti. Kila alama ina habari yake. Huyu alichomwa kwa homa ya manjano, yule kwa maumivu ya kiuno, mwingine alichomwa akiwa mchanga na mpaka leo hajui kwa nini. Ng'ombe nao huchomwa. Kwa Wapokomo kando ya mto, joto huja kwa njia ya nyungu: majani yanachemshwa, mgonjwa anafunikwa blanketi, anavuta mvuke mpaka jasho limtoke. Sisi tuliolelewa mjini tumekua tukiyaona yote mawili, na kupiga chuku juu yake.

Kwenye baraza zetu mjadala wa kuchoma haukwishi. Kuna wanaosema ni ujinga na uachwe leo hii. Kuna wanaosema wazee walichomwa na wakaishi miaka mingi, kwa hivyo tusiletewe maneno. Waislamu tunakumbushana pia kwamba Mtume (SAW) aliutaja moto pamoja na asali na kuumika katika mambo yenye shifaa, na hapo hapo akawakataza umati wake kujichoma. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na naona kuna swali moja ambalo pande zote zinaliruka. Ni nani aliyeandika? Mzee aliyejua mahali pa kuchoma alimwachia nani hesabu yake? Na wale waliochomwa wasipone, au wakaharibika, majina yao yako wapi?

Ndiyo maana leo nataka kuwaelezea maisha ya Mchina mmoja aitwaye Huangfu Mi. Alizaliwa mwaka 215 na kufariki mwaka 282. Huangfu ni jina la ukoo, Mi ndilo jina lake. Yeye ndiye aliyekusanya kitabu kikubwa cha kale cha tiba ya sindano na moto ambacho Wachina, Wajapani na Wakorea wamekisoma kwa zaidi ya miaka 1,700.

Msomaji anaweza kuuliza mtu huyo anatuhusu nini sisi wa Tana. Uchina si ngeni kwa Pwani hii. Vyombo vya Zheng He vilifika Malindi karne ya 15. Huko Siyu, kisiwani Pate, masimulizi ya mabaharia wa Kichina waliookoka chombo kilipovunjika yamerithishwa kizazi kwa kizazi, na mwaka 2005 binti mmoja wa huko alipelekwa Nanjing kusomea tiba ya Kichina kwa sababu ya masimulizi hayo. Tiba hiyo ina nguzo nyingi, na kitabu cha Huangfu Mi ni mojawapo.

Kwanza tuelewe moto wenyewe, maana si sawa na wetu. Wafugaji wetu hutumia chuma au kijiti kilichoshika moto. Wachina hutumia majani ya mmea wa jamii ya pakanga. Majani hukaushwa, huwekwa muda mrefu, kisha hutwangwa na kuchekechwa mpaka yabaki kama pamba laini. Pamba hiyo ndiyo inayoitwa moksa, jina lililotokana na neno la Kijapani. Hufinyangwa vibonge vidogo, kimoja huweza kuwa kama punje ya ngano, kikawekwa mahali maalumu mwilini na kuwashwa kwa juu. Huungua polepole bila ya kuwaka miali. Wakati mwingine huwekwa kipande cha tangawizi, kitunguu saumu au chumvi katikati ili ngozi isiungue. Siku hizi wengi husokota moksa kwenye karatasi kama sigara nene na kuishika mbali kidogo na ngozi, mgonjwa apate joto tu. Zamani ilikuwa kwenye ngozi moja kwa moja, na kovu lilibaki kama haya ya kwetu.

Tiba hiyo ni kongwe kuliko Huangfu Mi. Katika kaburi moja la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Nabii Issa, kulikutwa maandishi yanayoeleza mishipa ya mwili na namna ya kuitibu kwa moto, bila ya kutaja sindano. Kwa hivyo Huangfu Mi hakuubuni moto. Alichofanya ni kingine, na ili kukielewa lazima tumfuate tangu utoto.

Alizaliwa katika ukoo uliokuwa na jina. Babu wa baba yake, Huangfu Song, alikuwa jemadari mkubwa wa dola ya Han, aliyepigana na waasi wa Vilemba vya Njano mwaka 184. Lakini mtoto alipozaliwa heshima ilikuwa imekwisha. Dola ya Han ilianguka mwaka 220, nchi ikagawanyika, na vita vikawa vya kila siku. Mi alitolewa akalelewa na ami yake, akahama naye kwenda Xin'an, mbali na kwao.

Hakuwa kijana wa kujivunia. Mpaka alipofika umri wa miaka 20 alikuwa hajashika kitabu. Alizurura tu, na watu wengine walimdhania kuwa punguani. Siku moja alipata matikiti na matunda mengine, akampelekea mke wa ami yake, mwanamke wa ukoo wa Ren, aliyemlea kama mamake. Alitaraji kushukuriwa. Mama yule akamwambia kuwa hata angemletea nyama kila siku, hiyo haingekuwa ihsani kwa mzazi, ikiwa mtoto ana miaka 20 na hajasoma wala hajashika adabu. Akajiuliza mbele yake kama kosa ni lake yeye mlezi, labda alichagua jirani wabaya au malezi yalimpungukia. Akamkumbusha kuwa elimu ni faida ya anayesoma, yeye mwenyewe hataongezewa kitu. Kisha akalia.

Machozi yale yalimbadilisha Mi. Alikwenda kwa mwalimu wa jirani, Xi Tan, akaanza kusoma kwa bidii. Nyumbani kulikuwa na dhiki, kwa hivyo alilima mwenyewe, na alikwenda shamba na vitabu vyake, akipumzika kwa kusoma. Tunaolima kwenye ukingo wa Tana tunajua jembe linavyochosha. Huyu alilima mchana na kusoma kati ya mtuta na mtuta. Akawa msomi hodari, akaandika historia ya wafalme wa kale, maisha ya wacha vyeo na maisha ya wanawake wema. Watu wakampa lakabu ya mlafi wa vitabu, kwa vile alisahau hata kula na kulala.

Halafu ugonjwa ukaja. Alikuwa katikati ya miaka yake ya thelathini alipopatwa na maradhi ambayo Wachina waliyaita ya upepo, yanayofanana na kupooza. Nusu ya mwili ikalegea, mguu wa kulia ukanywea. Baadaye, alipokuwa akimwandikia mfalme, alieleza kwamba alikuwa ameteseka hivyo kwa miaka 19.

Mtu akiugua hivyo hukubali dawa yoyote. Wakati ule palikuwa na unga uliopata sifa kubwa kwa wakubwa wa Uchina, ukitengenezwa kwa madini. Aliyeupa umaarufu alikuwa He Yan, mtu wa cheo na mwenye sura nzuri, aliyefariki mwaka 249. Ilisemekana unga ule huleta nguvu na kuchangamsha akili. Ukimeza mwili huwaka moto ndani, na mtu hulazimika kula chakula baridi, kuoga maji baridi na kutembea ili joto litoke. Kwa hivyo ukaitwa unga wa chakula baridi. Waliuiga wengi, kwa vile wakubwa wanautumia.

Huangfu Mi naye aliutumia, ukamkataa. Kwa miaka 7 alikuwa akivua nguo wakati wa kipupwe kikali na kula barafu ili apoze mwili, na wakati wa joto alihangaika na kukohoa. Mateso yalimzidi mpaka siku moja akashika kisu ili ajiue. Aliyemzuia ni yule yule mke wa ami yake. Mara ya kwanza alimwokoa na ujinga, mara hii akamwokoa na kifo.

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi mtu huyu. Wengi wakidhuriwa na dawa hunyamaza, kwa aibu au kwa kuogopa kuambiwa hawakufuata masharti. Yeye aliandika. Alieleza jinsi unga ule unavyodhuru na jinsi ya kumsaidia aliyedhurika, na akawataja watu aliowajua: ndugu yake ambaye ulimi ulimwingia kooni, mwingine aliyeota majipu mgongoni, mwingine aliyeoza nyama ya mgongo. Aliitunza hesabu ya waliodhurika sawa na wengine wanavyotunza hesabu ya waliopona. Jiulize ni nani sokoni kwetu, katika wanaouza chupa za kutibu kila kitu kuanzia kisukari mpaka mikosi, aliye na daftari kama hilo.

Baada ya mwaka 256 aliugua tena vibaya, safari hii pamoja na uziwi, kwa siku 100 hivi. Aliona kuwa matibabu aliyopewa yalikuwa ya juujuu. Akaamua kutafuta mwenyewe. Alikuta mambo ya sindano na moto yametapakaa katika vitabu vitatu vya kale. Viwili vilikuwa vya elimu ya mwili na maradhi, na cha tatu kilikuwa cha mahali pa kutibia. Mara vilirudia maneno yale yale, mara vilihitilafiana, na mtu wa kawaida asingeweza kuvifuata. Akavikalisha pamoja, akapanga mambo kwa aina, akatoa yaliyorudiwa. Kitabu chake, Zhenjiu Jiayi Jing, kina juzuu 12 na sura 128.

Ndani yake ametaja sehemu 349 za mwili. Kwa kila sehemu anaeleza jinsi ya kuipata kwa kupapasa mfupa na mshipa, sindano iingie kiasi gani, na vibonge vingapi vya moksa vichomwe, kama ni vitatu au vitano. Na kuna sehemu ambazo amesema wazi zisiguswe na moto kabisa. Nadhani katazo hilo lina thamani sawa na maagizo yote mengine. Mganga asiyejua mahali pa kutochoma hajui kuchoma.

Katika utangulizi ameandika jambo ambalo ningependa kila mzazi wa Tana alisikie. Anasema kuwa mtu anaweza kuwa na utiifu na huruma yote duniani, lakini kama hajui uganga, mzazi wake akiugua au mtoto wake mchanga akiangamia mbele yake, hana la kumsaidia. Mapenzi peke yake hayatibu. Aliyaandika haya mtu ambaye alijua kupendwa kulivyomwokoa, na alijua pia jinsi dawa ya kudhania ilivyokaribia kumuua.

Sifa zake zikafika kwa watawala. Sima Yan, aliyeanzisha dola ya Jin mwaka 266, alimwita mara kadhaa apokee cheo. Kila mara alikataa, akieleza maradhi yake bila ya kuficha kitu. Wengi walishangaa, maana kwa wakati ule kumkataa mfalme ilikuwa hatari. Mwishowe mfalme akamwacha. Kisha Huangfu Mi akamwomba mfalme kitu kimoja: aazimwe vitabu. Mfalme akampelekea gari zima la vitabu, na mgonjwa akaendelea kusoma huku mwili umemlemea.

Neno lake lilikuwa na uzito. Mshairi Zuo Si alipoandika utungo wake mrefu juu ya miji mikuu mitatu, watu walimdharau kwa vile hakuwa na jina. Huangfu Mi aliusoma, akauandikia dibaji, na muda si muda wakubwa wa Luoyang waliunakili kwa wingi mpaka bei ya karatasi ikapanda mjini.

Alipokaribia kufa aliandika wasia kuhusu maziko yake. Hakutaka jeneza wala vyombo vya thamani kaburini, maana vinawaita wezi na havimfai maiti. Alitaka mwili wake uvikwe kwa vitu duni, uteremshwe ardhini, udongo urudishwe na nyasi ziote juu yake. Kitabu kimoja tu ndicho alichotaka azikwe nacho, kile cha ihsani kwa wazazi. Alifariki mwaka 282, na wanawe wakatimiza wasia. Kwa sisi tunaozika kwa sanda na kumalizia na udongo, maziko hayo si mageni.

Kitabu hakikuzikwa. Kilivuka bahari, na mwaka 701 sheria za Japani zilikiweka miongoni mwa vitabu vya kufundishia matabibu. Hata leo watafiti wanalipima joto la moksa. Mwaka 1998 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa Jiangxi, Uchina, kwa wajawazito 260 ambao watoto walikuwa wamekaa matako chini. Nusu yao walichomewa moksa karibu na kidole kidogo cha mguu. Kufikia wiki ya 35, watoto 98 kati ya 130 wa kundi hilo walikuwa wamegeuka, na katika kundi la pili waligeuka 62 kati ya 130. Tafiti za baadaye Ulaya hazikutoa majibu sawa. Hapa Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kimeshirikiana na shirika la Moxafrica la Uingereza kuijaribu moksa kwa wagonjwa wa kifua kikuu, huku wakiendelea na dawa zao za hospitali. Hakuna aliyeambiwa aache vidonge.

Turudi kwetu. Sisemi tuanze kuagiza moksa kutoka Uchina, wala sisemi kuwa chuma cha moto ni sawa na majani ya pakanga. Mtoto mchanga mwenye macho ya manjano anahitaji hospitali, tena haraka. Ukimchoma tumboni unampa kidonda juu ya ugonjwa, unamfungulia mlango wa pepopunda na usaha, na unapoteza siku ambazo zingemwokoa. Najua pia kwa nini watu huchoma. Mafuriko yakikata barabara, Ngao au Garsen huwa mbali kama Mombasa, na mzazi hawezi kukaa kitako akimtazama mwanawe. Anashika alicho nacho mkononi. Huyo si mjinga. Ana yale mapenzi aliyoyataja Huangfu Mi, na elimu hajafikishiwa.

Ninachotaka ni daftari. Wazee wanaojua mizizi ya delta hii, majani ya nyungu, mahali pa kupiga chuku na pa kuchoma, wanaondoka mmoja mmoja. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili nchini Kenya, kwa hivyo hakuna haja ya kufichana. Vijana wetu wanaosoma vyuoni wakirudi likizo na wakae nao, waandike: mmea gani, kwa maradhi gani, kiasi gani, nani asipewe. Waandike kwa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili. Waandike waliopona, na waandike kwa unyoofu huo huo waliodhurika. Kisha madaktari waletewe karatasi hizo wazichuje: la kushika lishikwe, la kuacha liachwe.

Bila ya maandishi hayo, anayeupinga moto na anayeutetea wote wanabishana kwa kumbukumbu tu, na anayelipa ni mtoto. Huangfu Mi alikuwa na mguu ulionywea, masikio mazito na mwili ulioharibiwa na dawa ya wakubwa, na alimaliza juzuu 12. Sisi wenye simu mkononi na wazee wetu bado wako hai, tuanze hata na ukurasa mmoja kabla ya masika yajayo.